Usalama wa Mtoto Mdogo Safarini Baharini: Somo Kutoka Safari Fupi ya Kisiwa cha Changuu

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, mzazi au mlezi ataweza kuamua, kabla ya kupanda chombo, iwapo safari ya baharini inamfaa mtoto wake mwenye umri wa mwaka 1 hadi 3. Mtoa huduma wa afya ataweza kutoa ushauri mfupi na sahihi kuhusu safari hiyo kliniki, na ataweza kutambua mtoto anayehitaji hospitali baada ya ajali ya majini.

Utangulizi

Mtu akisimama ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, hukiona Kisiwa cha Changuu waziwazi upande wa kaskazini-magharibi. Umbali wake ni wa takriban kilomita 5 hadi 6, na boti ya mbao yenye mashine hufika kwa dakika 20 hadi 30. Familia nyingi, za wenyeji na za wageni, huvuka kwenda kuona kobe wakubwa, kuoga baharini na kupumzika chini ya miti.

Kisiwa hicho kina historia inayohusu afya. Jengo la gereza lililojengwa huko katika miaka ya 1890 halikupata kutumika kufungia wafungwa. Badala yake kisiwa kikawa kituo cha karantini, ambako wasafiri walizuiliwa kwa hofu ya homa ya manjano kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Kobe waliletwa baadaye: mwaka 1919 kobe wa asili ya Aldabra walifika kama zawadi kutoka Shelisheli, na kizazi chao kingalipo.

Ufupi wa safari hii ndio unaohadaa. Mzazi ambaye hangethubutu kumpeleka mtoto wa miezi 20 katika safari ya usiku mzima kwenda Pemba humpandisha boti ya Changuu bila kuuliza swali hata moja, kwa kuwa kisiwa kinaonekana. Lakini bahari haipungui kina kwa sababu ng'ambo inaonekana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5.

Hoja kuu ya somo hili ni kwamba usalama wa mtoto mdogo baharini huamuliwa nchi kavu. Chombo kikishang'oa nanga, mengi ya yale ambayo mzazi angeweza kuyachagua yamekwisha kumpita.

Kisa cha kujifunzia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Baba, mama na mtoto wao wa kiume wa miezi 20, mwenye uzito wa kilo 11, wamefika ufukweni saa 3 asubuhi. Nauli imekwisha kulipwa na abiria wengine wameketi. Baharia anagawa majaketi okozi, yote ya watu wazima. Mama anauliza la mtoto liko wapi.

"Mama, kisiwa si kile pale?" nahodha anamjibu kwa upole. "Hapa na pale ni pua na mdomo. Mpakate tu mwanao, inshallah tutafika salama."

Baba anaona haya kuwachelewesha watu. Mama anasema, "Samahani sana, nahodha. Hatupandi mpaka lipatikane la mtoto."

Nahodha anawaita wenzake wa boti za jirani, na baada ya kama dakika 10 jaketi dogo linapatikana. Safari inaanza. Swali ni hili: je, mama alikuwa mkaidi, au alikuwa ametekeleza jambo la kwanza la kitabibu katika safari ile?

Kwa nini kupakatwa hakutoshi

Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito kwa kulinganisha na kiwiliwili. Anapoinama ukingoni mwa chombo au mwa maji hutangulia kichwa, na akishaangukia uso hana nguvu za shingo na mikono za kujiinua. Maji ya kina cha sentimita chache humtosha kuzama.

Aidha, kufa maji hutokea kimya kimya. Watu wengi hutarajia ukelele na mikono inayopungwa. Ukweli ni kwamba mtu anayezama hutumia kila nafasi anayoipata kuvuta pumzi, si kuita, na mtoto mdogo aghalabu hazamuki hata mara moja. Ndani ya dakika chache hupoteza fahamu, na ubongo usiopata oksijeni huanza kudhurika.

Mzazi aliyempakata mtoto hutegemea mikono yake miwili. Chombo kikiyumba ghafla, mikono hiyohiyo hutafuta pa kujishikilia. Akitumbukia, huihitaji ili aelee mwenyewe. Wapo pia akina mama wanaomfunga mtoto mgongoni kwa kanga wakiamini kuwa hivyo ndivyo hawatatengana. Barabarani na nyumbani kanga ni mbeleko njema, lakini ndani ya chombo cha majini ni hatari: humzuia mama kuvaa jaketi lake sawasawa, na chombo kikipinduka mtoto hubaki amefungwa mahali ambapo mama hauoni uso wake wala hawezi kuuinua juu ya maji.

Kwa hiyo kila mmoja anahitaji jaketi lake, na la mtoto ni la mtoto.

Kupima jaketi okozi la mtoto

Uzito wa mtoto ndio kipimo, si umri. Uzito wa karibuni umeandikwa katika kadi yake ya kliniki, na jaketi zuri huandikwa ndani kiwango cha uzito linaoubeba. Mzazi akague mambo manne.

Kwanza, vifungo na mikanda yote viwe vizima na vifungwe vyote. Pili, liwepo koleo au mto nyuma ya shingo, unaosaidia kuuinua uso wa mtoto juu ya maji. Tatu, uwepo mkanda unaopita katikati ya miguu, kwa kuwa bila huo mtoto mwembamba huchomoka kwa chini. Nne, mtoto akiwa amelivaa, mzazi alivute juu taratibu kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka kidevuni au masikioni, ni kubwa mno, na majini litampanda hivyohivyo.

Maboya ya plastiki yanayojazwa upepo na kuvishwa mikononi ni vitu vya kuchezea. Huchomoka, hutoboka, na humpa mzazi utulivu usio na msingi. Yasihesabiwe kuwa kinga.

Kukagua chombo, upepo na maji

Mzazi hahitaji kuwa baharia ili auone wingi wa watu. Chombo kilichojaa kupita uwezo wake hakifai, hata kama nahodha ni hodari. Watu wa Zanzibar hawajasahau Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Boti ndogo ya matembezi si meli, lakini kanuni ya uzito ni moja. Chombo cha kumbebea mtoto kiwe na turubai la kivuli, ubao wa kukalia ulio katikati, mbali na ukingo na mashine, na njia ya kuwasiliana na nchi kavu.

Saa ya safari nayo ni sehemu ya kinga. Asubuhi bahari mara nyingi huwa tulivu kuliko alasiri, na jua huwa halijawa kali. Maji nayo yaulizwe. Pwani ya Zanzibar, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kukaribia mita 4 nyakati za bamvu. Maji yakipwa, boti hutia nanga mbali na abiria huteremka majini na kutembea hadi mchangani. Kwa mtu mzima jambo hili ni mchezo. Kwa aliyebeba mtoto wa kilo 11 na mkoba begani, juu ya mawe yenye utelezi na shokomzoba, ni mahali pa kuanguka. Mtoto apokezwe kutoka kwa mtu mzima mmoja aliye chomboni hadi kwa mwingine aliyekwisha kusimama imara majini, akiwa bado amevaa jaketi, na mizigo ifuate baadaye.

Nahodha akisema bahari imechafuka, asibishiwe. Na mzazi akiona chombo hakifai, nauli iliyolipwa isiwe sababu ya kupanda.

Dawa zisizopaswa kutolewa

Wazazi wengine humpa mtoto dawa ya kuzuia kichefuchefu, au dawa ya mafua inayoleta usingizi, ili atulie safarini. Desturi hii iachwe. Ugonjwa wa kuchefuliwa na mawimbi ni nadra kwa watoto walio chini ya miaka 2, hivyo wengi wao hupewa dawa wasiyoihitaji. Promethazini, inayopatikana kwa urahisi madukani, haipaswi kabisa kutumiwa kwa mtoto wa umri huo, kwa sababu inaweza kudidimiza upumuaji hadi kusababisha kifo. Mtoto aliyeleweshwa usingizi pia huwa dhaifu zaidi endapo ataanguka majini.

Mtoto anayechefuka akae katikati ya chombo, apate hewa, apewe chakula kidogo kabla ya safari na maji kwa vijiko. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Karanga nzima, kashata na pipi ngumu zisitolewe chombo kikiwa kinayumba, kwani huweza kumkaba.

Jua, joto na maji ya kunywa

Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na mionzi ya jua huwa mikali karibu mwaka mzima. Maji na mchanga mweupe huirudisha mionzi hiyo juu, hivyo kivuli cha turubai peke yake hakimalizi tatizo. Mtoto avae kofia pana na nguo nyepesi ya mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 au zaidi yapakwe sehemu zilizo wazi na kurudiwa kila baada ya saa 2, na kila mtoto anapotoka majini. Ngozi nyeusi nayo huungua, ingawa wekundu wake hauonekani upesi. Kwa mtoto mwenye ualbino, tahadhari hizi ni za lazima, na kukaa juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kuepukwe.

Maji safi ya kunywa yabebwe ya kutosha kwenda, kukaa na kurudi, pamoja na pakiti mbili za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini (ORS). Mtoto mdogo hasemi kwamba ana kiu. Dalili za kuangalia ni mdomo mkavu, kulia bila machozi, macho yaliyodidimia, kukojoa kwa nadra na kulegea. Mtoto mwenye selimundu yuko hatarini zaidi, kwa kuwa upungufu wa maji na ubaridi wa kukaa na nguo mbichi huweza kuamsha maumivu makali.

Kobe, mikono na mdomo

Kobe wa Aldabra ni mpole, na dume lake huweza kuzidi kilo 200. Wageni huwalisha majani na kuwapapasa shingo. Kwa mtoto wa miezi 20 hakuna kivutio kikubwa kuliko hicho, na hapa ndipo hatari ya pili ya safari ilipo.

Reptilia, kobe wakiwamo, huweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wao wenyewe kuugua. Bakteria hao hutoka na kinyesi na kuenea kwenye gamba, udongo na majani yaliyokanyagwa. Mtoto hushika gamba, kisha hutia vidole mdomoni. Homa, tumbo la kuuma na kuhara huanza baada ya saa kadhaa hadi siku chache, wakati familia imekwisha kusahau kisiwa. Kwa watoto walio chini ya miaka 5 ugonjwa huu huweza kuwa mkali na hata kuingia katika damu. Kutokana na hatari hiyo, mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4, takriban sentimita 10, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

Ushauri ulio salama ni mtoto wa umri huu awatazame kobe akiwa amebebwa, asiwaguse wala asiketishwe juu yao kwa ajili ya picha. Akigusa kwa bahati mbaya, aoshwe mikono mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni. Dawa ya kutakasa mikono itumike tu pale sabuni na maji vinapokosekana. Mtu mzima aliyewalisha kobe anawe kabla ya kumshika mtoto, na chakula kisiliwe ndani ya eneo lao. Kisiwa kilichowahi kutumika kuuzuia ugonjwa usiingie mjini kisiwe mahali pa familia kuuchukua.

Kisa kinaendelea

Saa 5 asubuhi familia iko ufukweni mwa kisiwa. Kwa sababu ya joto, baba amemvua mtoto jaketi. Anarudi nyuma hatua chache ili apige picha. Mama amesimama karibu na mtoto, maji yakimfika vifundoni. Wimbi dogo linarudi baharini na kuuchukua mchanga chini ya miguu ya mtoto. Mtoto anaangukia uso. Hakuna ukelele, hakuna mruko wa maji. Baba, anayetazama kwenye simu, anadhani mtoto ameinama kuokota kombe. Mama ananyoosha mkono na kumwinua. Mtoto anakohoa mara mbili, analia, kisha anatulia.

Tukio lote halikuzidi sekunde 5. Mtoto hakuokolewa na jaketi, kwa kuwa hakuwa nalo, wala hakuokolewa na wingi wa watu waliokuwapo. Aliokolewa na mama aliyekuwa mahali ambapo mkono wake ungeweza kumfikia.

Kanuni inayofuata ni hii: majini na ukingoni mwa maji, mtu mzima mmoja awe mlinzi wa zamu, asiyeshika simu, asiyeongoza mazungumzo, na asiyekwenda mbali kuliko urefu wa mkono. Akichoka, amkabidhi mwingine kwa kutamka: "Mshike wewe sasa." Pasipo na makabidhiano, kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia.

Huduma ya kwanza

Mtoto aliyetolewa majini akiwa hajitambui na hapumui kawaida: aitwe msaidizi, alazwe chali mahali pagumu, na apewe pumzi 5 za kuokoa kwa kufunika mdomo wake, na pua pia ikiwezekana, kwa mdomo wa mwokozi. Kifua kionekane kikiinuka. Asipoonesha dalili ya uhai, kifua kibonyezwe kwa kina cha theluthi moja ya unene wake, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Raia wa kawaida atoe mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Watoa huduma wawili waliofunzwa watoe 15 kwa pumzi 2. Waendelee mpaka mtoto apumue au msaada ufike.

Mtoto asining'inizwe kichwa chini wala asibonyezwe tumbo ili kutoa maji. Vitendo hivyo hupoteza muda wa pumzi na huweza kuleta matapishi yanayoingia mapafuni.

Aliyechomwa na shokomzoba: miiba inayoonekana itolewe taratibu, na mguu utumbukizwe katika maji ya moto yanayovumilika, yaliyopimwa kwanza kwa kiwiko cha mtu mzima, kwa dakika 30 au zaidi. Mwiba uliozama ndani au karibu na kiungo uachwe kwa mtaalamu, na chanjo ya pepopunda ikaguliwe.

Wakati wa kwenda hospitali

Mtoto yeyote aliyehitaji kupuliziwa pumzi apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anacheka. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko Mji Mkongwe penyewe, si mbali na mahali boti zinapotia nanga. Apelekwe pia aliyezama akawa anaendelea kukohoa, anapumua haraka, ana povu mdomoni, analegea au anatapika. Mtoto kama wa kisa hiki, aliyekohoa kidogo na kurejea hali yake kamili, aangaliwe kwa makini kwa saa 8 zinazofuata, na dalili yoyote kati ya hizo ikitokea asisubirishwe.

Baada ya safari, mtoto mwenye kuhara apewe ORS kila anapohara: mililita 50 hadi 100 kwa aliye chini ya miaka 2, mililita 100 hadi 200 kwa aliyezidi hapo, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Damu katika choo, homa kali, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, degedege au kulegea ni dalili za kumfikisha kituoni mara moja.

Neno kwa mtoa huduma wa afya

Nafasi ya kuyasema haya ipo katika kila hudhurio la kliniki. Maswali matatu yanatosha: Je, familia huvuka maji au huishi karibu nayo? Je, mtoto ana kifafa, selimundu au ualbino? Je, mnatumia nini kumtuliza safarini? Kwa mtoto anayehara baada ya matembezi, liongezwe la nne: je, alimgusa mnyama? Mzazi asiulizwe kwa sauti ya lawama. Anayeogopa kulaumiwa huficha hasa lile jambo ambalo daktari analihitaji.

Muhtasari

Safari ya kisiwani na mtoto mdogo si jambo la kukatazwa. Humfurahisha mtoto, na hukusanya familia. Masharti yake ni machache: jaketi linalomwenea, chombo kisichojaa, saa ya asubuhi, hakuna dawa za usingizi, maji na kivuli, mikono iliyonawa, na mlinzi mmoja aliye karibu. Mama wa kisa hiki aliwachelewesha abiria dakika 10. Ule haukuwa ukaidi, ilikuwa tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mbeleko ya kanga haifai ndani ya boti?
2. Eleza namna ya kupima kama jaketi okozi linamwenea mtoto wa kilo 11.
3. Mtoto wa miezi 18 anahara damu siku 2 baada ya kutembelea kobe. Je, atahudumiwa nyumbani au kituoni, na mzazi aulizwe nini?
4. Katika kisa, ni makosa gani mawili yaliyotokea kabla mtoto hajaanguka, na ni jambo gani lililoyafidia?